Kumlea Kangaruu Yatima Hadi Arudi Porini

Gari likimgonga kangaruu jike usiku, mara nyingi mama hufa papo hapo na mtoto akabaki mzima. Mfuko wa tumboni humkinga. Kishindo hupokewa na mwili wa mama, na mtoto hubaki ndani amejikunja, chuchu ikiwa bado kinywani, huku joto linalomweka hai likipungua kidogo kidogo. Anaweza kukaa hivyo saa nyingi, na wapo waliookolewa siku kadhaa baada ya mama kufa. Magari hupita kando ya mzoga huo, na madereva hawajui kwamba ndani yake kuna roho.

Naandika kwanza kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili walioko Australia. Baadhi yetu tuliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya tumepata makazi na kazi katika miji ya bara, Toowoomba au Shepparton kwa mfano, na tunatoka alfajiri kwenda shambani au kiwandani saa ileile ambayo kangaruu wanavuka barabara. Wengine tumeambiwa na majirani kwamba mtoto wa kangaruu hana shida: mpe maziwa, mfunike blanketi, atakua. Maneno hayo yamewaua watoto wengi waliokwisha kuponea barabarani. Kumlea kangaruu yatima kunawezekana, kuna watu wanaoifanya kazi hii vizuri sana, na nawe unaweza kufundishwa ukaiweza. Ila tangu usiku wa kwanza umlee kama mnyama atakayeondoka. Maziwa utakayomchagulia, mahali utakapomlaza, watu utakaowaruhusu kumshika, mwenzake utakayemtafutia, yote yapime kwa swali hili: je, litamsaidia kuishi siku ambayo mimi sipo?

Tuanze barabarani, maana huko ndiko wengi wetu tutakakokutana naye.

Ukiona mzoga, punguza mwendo, egesha nje kabisa ya barabara na uwashe taa za tahadhari. Maisha yako kwanza. Kama kangaruu bado anahema, usimsogelee. Teke la miguu ya nyuma lina kucha inayoweza kumpasua mtu. Piga simu kwa waokoaji: WIRES ukiwa New South Wales, Wildlife Victoria ukiwa Victoria, RSPCA ukiwa Queensland. Hifadhi namba zao leo, kwa sababu bara kuna sehemu ambazo simu hushika lakini intaneti ikakataa, na hapo hutaweza kutafuta namba ya mtu.

Kama amekufa, mtazame tumboni. Dume hana mfuko. Akiwa jike, vaa glavu, panua mdomo wa mfuko kwa vidole na uangalie hadi chini, usitosheke na kuchungulia. Mfuko ukiwa mtupu lakini umelegea, na chuchu moja imevutika ikawa ndefu kuliko nyingine, ujue ana mtoto mkubwa aliyekwisha kuanza kutoka nje. Huyo atakuwa karibu, vichakani, ameganda kwa woga. Mulika tochi polepole kuzunguka eneo hilo.

Mtoto mwenye manyoya aliyeachia chuchu hushikwa kwenye shina la mkia, akatolewa, akatumbukizwa moja kwa moja ndani ya foronya. Mchanga asiye na manyoya ni kazi nyingine. Chuchu imevimba ndani ya kinywa chake kiasi kwamba ukimvuta utamchana kinywa na kumharibu taya. Hapo kinachokatwa ni chuchu yenyewe, karibu na mwili wa mama aliyekufa, na kipande kinachoning'inia hubanwa kwa pini ya nepi kwenye kitambaa anamolazwa ili asije akakimeza. Ataiachia mwenyewe baadaye. Ukiona mkono wako unatetemeka, piga simu kwanza. Mtu wa upande wa pili atakuongoza hatua kwa hatua.

Kisha uvute mzoga mbali na lami, kwa kuwa tai hushuka kula nao wakagongwa. Walezi hupuliza rangi wakachora alama ya X juu ya mzoga, ili anayepita baadaye ajue mfuko umekaguliwa. Na andika mahali ulipomkuta: jina la barabara, umbali kutoka mjini, kibao kilicho karibu. Maandishi hayo yanaonekana madogo usiku ule, lakini mtoto atatakiwa kurudishwa karibu na alikotoka, na mwaka ukishapita hakuna atakayekumbuka.

Ndani ya gari, iweke foronya chini ya sweta, kifuani, ipate joto la mwili wako. Zima redio. Usimpe maji wala maziwa. Mwili uliopoa hauwezi kusaga chochote, na tone likiingia mapafuni humletea nimonia. Usimpitishe mkono kwa mkono ili watoto wapige picha. Najua ni vigumu, kwa sababu ana kope ndefu na macho makubwa na kila mtu humwonea huruma. Huruma ya kweli usiku ule ni kumwacha gizani na kumpa ukimya.

Sheria nayo ina nafasi yake. Kila jimbo la Australia lina utaratibu wake. New South Wales hukutaka uwe mwanachama wa kikundi chenye leseni. Queensland hutoa kibali maalumu cha kuwahudumia wanyamapori hadi warudi porini. Victoria huidhinisha vituo na walezi wanaofanya kazi chini yake. Kumwokota na kumkimbiza kwa mlezi au kwa daktari wa wanyama unaruhusiwa. Kumweka nyumbani ukamlea kimyakimya huruhusiwi. Naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, maana kikundi ndicho kinachokufundisha, kinachokupa mtu wa kumpigia simu saa nane za usiku, na kinachokutafutia mtoto wa pili wa kulea pamoja na wa kwanza. Anayeanza kwa kawaida hupewa watoto wakubwa wenye manyoya, na wachanga huachiwa wazoefu. Usione umedharauliwa.

Kabla hujajaza fomu, tazama maisha yako. Walezi wengi ni watu wa kujitolea: unga wa maziwa, umeme na mafuta ya gari hutoka mfukoni mwao. Mtoto mchanga hunyonya usiku na mchana, hivyo mwenye zamu za kiwandani bila msaidizi hataweza. Nyumba yenye mbwa haifai. Hata mbwa mpole anayelala siku nzima humfundisha kangaruu kwamba harufu ya mbwa haina hatari, na somo hilo litamgharimu uhai atakapokutana na mbwa wa mtu mwingine au dingo, mbwa mwitu wa Australia.

Sasa joto. Kangaruu huzaliwa baada ya mimba ya mwezi mmoja hivi: kangaruu mwekundu siku 33, wa kijivu wa mashariki siku 36. Huzaliwa akiwa na uzito usiofika gramu moja, kipofu, hana hata masikio yaliyokamilika, na hupanda mwenyewe kwenye manyoya ya mama hadi mfukoni. Karibu ukuaji wote ambao wanyama wengine huumaliza tumboni, yeye huufanyia kwenye mfuko. Mwekundu hutoka humo moja kwa moja akiwa na miezi 8 hivi. Wa kijivu wa mashariki hukaa karibu miezi 11. Kwa hiyo mtoto unayepewa bado anaumbwa, na foronya yako ndiyo imechukua nafasi ya mahali anapoumbwa.

Walezi humtazama ngozi ndipo waamue. Aliye uchi, ngozi ya waridi inayong'aa, anahitaji nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi mchana na usiku, bila kupanda wala kushuka. Aliyeanza kuota malaika anahitaji 28 hadi 30 hivi. Mwenye manyoya ya kutosha hupunguziwa taratibu hadi joto la kawaida la chumba, na usiku wa baridi huongezewa kidogo. Kipimajoto kiwe ndani ya mfuko, kati ya kitambaa na kitambaa, kwa sababu joto la chumba halikuambii lolote kuhusu joto alilo nalo yeye. Kitambaa cha ndani kiwe cha pamba laini kinachobadilishwa kila kinapochafuka, cha nje kiwe sufu nzito, na mshono ugeuzwe nje, maana uzi mmoja uliochomoza huweza kuzunguka kidole cha mguu ukakata damu. Mkeka wa umeme au chupa ya maji ya moto visiguse ngozi kamwe. Aliye uchi hupakwa losheni isiyo na manukato ili ngozi isikauke ikapasuka.

Joto likizidi atakuambia mwenyewe. Kangaruu hujipoza kwa kulamba mikono ya mbele, sehemu ambayo mishipa ya damu ipo karibu sana na ngozi. Ukifungua mfuko ukakuta mikono imelowa mate, pima joto upesi. Kama joto ni sawa, basi ana hofu, na hilo ni tatizo jingine.

Katika maziwa ndipo makosa mengi hufanyika, na hapa nitakaa zaidi.

Maziwa ya ng'ombe humwua. Hayamwui siku hiyohiyo, ndiyo maana watu hudanganyika. Tumbo lake halina uwezo wa kutosha wa kusaga laktosi, sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe, hivyo huanza kuhara, akapungukiwa maji, akadhoofika. Sukari hiyo pia huweza kumletea mtoto wa jicho, na kangaruu asiyeona hana maisha porini. Maziwa ya kopo ya watoto wa binadamu hayafai kwa sababu ileile. Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama wenye mfuko: Wombaroo na Biolac ndiyo yanayotumika sana, na Di-Vetelact, yenye laktosi kidogo, wengi huwa nayo kabatini. Ukiwa umemwokota usiku na duka limefungwa, usitafute mbadala jikoni. Mweke kwenye joto, kwenye giza, piga simu. Mtoto aliyepashwa joto vizuri hustahimili saa kadhaa bila maziwa vyema kuliko saa moja akiwa na maziwa mabaya tumboni.

Maziwa ya mama kangaruu hayabaki yaleyale. Mwanzoni ni mepesi na yana sukari zaidi. Kadiri mtoto anavyokua, mafuta na protini huongezeka na sukari hupungua. Jike mwekundu anaweza kuwa na mtoto mchanga mfukoni na mwingine mkubwa anayetembea nje huku akichomeka kichwa kuja kunyonya. Wawili hao hunyonya chuchu tofauti, na chuchu hizo hutoa maziwa tofauti kwa wakati mmoja, kila mmoja akipata ya umri wake. Ndiyo maana makopo ya Wombaroo yameandikwa namba kama 0.4, 0.6 na 0.7: ni sehemu ya maisha ya mfukoni aliyokwisha kuyapita mtoto. Humkisii umri kwa macho. Unampima mguu, mkia na uzito, unalinganisha na jedwali la aina yake hasa, kwa sababu jedwali la mwekundu litakupotosha ukilitumia kwa wa kijivu au kwa walabi, jamaa mdogo wa kangaruu. Kuhama kutoka unga mmoja kwenda mwingine hufanywa kwa siku kadhaa, ukichanganya na kuongeza kidogo kidogo.

Msomaji wa Kenya atamkumbuka Daphne Sheldrick, aliyehangaika miaka mingi na ndovu wachanga waliokufa kwa maziwa ya ng'ombe hadi mafuta ya nazi yalipompa mchanganyiko ulioendana na matumbo yao. Kituo alichokianzisha mwaka 1977 kimewalea yatima ndani ya Hifadhi ya Nairobi na kuwarudisha Tsavo. Hakuna aliyemwambia kwamba ndovu wale walikosa kupendwa. Walipendwa sana, wakafa kwa maziwa. Mlezi wa kangaruu aanzie hapo.

Kiasi cha kuanzia ni karibu asilimia 10 ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 1.5 basi hupata mililita 150 hivi kwa siku, ukizigawa mara tano ni mililita 30 kila mara. Kisha unafuata jedwali na mizani. Aliye uchi hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, mwenye malaika mara tano au sita kwa siku, mwenye manyoya mara nne, na idadi huendelea kushuka. Mpime kila siku akiwa mdogo, baadaye mara moja au mbili kwa wiki, na uandike. Uzito uliosimama hukuonya kabla ugonjwa haujaonekana.

Kunyonyesha kwenyewe kunataka utulivu. Keti mahali pamoja kila siku. Mwache ndani ya mfuko wake, kichwa tu kikiwa nje, kitambaa kimefunika macho. Maziwa yawe na joto la mwili, nyuzi 36 au 37. Yakipoa ataikataa chupa nawe utadhani anaumwa. Chuchu ya chupa yake ni ndefu na nyembamba, tundu lake dogo, limetobolewa kwa sindano ya moto. Iingize pembeni mwa kinywa, nyuma ya meno ya mbele, uuzuie utaya kwa kidole. Maziwa yakitokea puani, acha hapohapo, yameanza kupotea njia. Kila mtoto awe na chuchu yake iliyochemshwa, na kila mtoto afutwe kinywa, kwa kuwa maziwa yaliyoganda midomoni huota fangasi.

Halafu kuna kazi ambayo wageni hawaijui. Mama humlamba mtoto sehemu za nyuma ndipo akojoe na kujisaidia, na mtoto asiposaidiwa hawezi. Utachukua pamba au karatasi laini, uilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, umguse pole pole chini ya mkia hadi mkojo utoke. Kila anaponyonya, bila kukosa. Hapo ndipo unapopata habari zake zote: rangi ya mkojo, ugumu wa kinyesi, harufu. Kinyesi cha rangi ya haradali kilicho laini ni cha kawaida kwa mdogo anayeishi kwa maziwa pekee. Cha kijani, cha majimaji au chenye harufu kali ni sababu ya kuchukua simu.

Nimetaja hofu mara kadhaa. Kangaruu aliyekimbizwa, aliyebanwa, au aliyewekwa palipo na makelele ya mbwa na watoto hupatwa na maradhi ambayo misuli yake huvunjika yenyewe kwa ndani. Miguu ya nyuma hukakamaa, shingo hulegea, mkojo huwa mweusi kama chai. Anaweza kufa saa chache baadaye, au akaonekana amepona akafa baada ya siku nyingi, na mlezi akashindwa kuelewa kilichomwua. Daktari akiwahiwa ana dawa za kumtuliza, lakini kinga ni bora mara nyingi zaidi. Wa kijivu wa mashariki ni mwoga kuliko mwekundu, na kumhamisha kutoka nyumba moja hadi nyingine kunamtikisa vibaya. Kwa hiyo mikono inayomshika iwe michache na iwe ileile. Chumba kiwe kimoja. Wageni wasiombe kumwona, na wakiomba uwaambie hapana, hata wakiwa shemeji zako waliosafiri kutoka mbali.

Hata hivyo mikono hiyo michache haitoshi kumfanya kangaruu. Anahitaji kangaruu mwenzake. Wa kijivu huishi kwa makundi; hujifunza kutazama, kusikiliza, kukimbia pamoja, kwa kukaa na wenzake. Mtoto aliyelelewa peke yake humtazama binadamu kama kundi lake, na akifunguliwa mlango hukaa mlangoni. Waunganishe mapema, wa aina moja, wenye umri unaokaribiana. Mwanzo mifuko yao ining'inizwe jirani, wasikie harufu ya kila mmoja, kisha watoke nje kwa pamoja. Ukiwa na mmoja tu na jirani yako mlezi ana mmoja tu, mmoja wenu itabidi ampeleke wake. Nimeona walezi wakivutana juu ya hili kwa sababu kila mmoja amemzoea mwanawe. Anayekubali kumtoa ndiye aliyemtendea haki.

Akishaota manyoya huanza kutoka kwenye mfuko dakika chache kwa siku, kwenye majani safi na jua la asubuhi. Mara ya kwanza miguu humshinda, anaruka mara mbili, anaanguka, anatafuta mfuko. Ushikilie karibu na ardhi, mdomo wazi. Atatanguliza kichwa, atapinduka humo ndani na miguu itabaki imechomoza hadi ajipange. Mwache ajipange mwenyewe. Wakati huohuo ataanza kutafuna majani na hata udongo, na tumbo lake litaanza kupata vijidudu vinavyomwezesha kusaga nyasi. Mpe nyasi zilizong'olewa na mizizi yake, majani makavu bora, maji safi. Usimpe mkate, ingawa utawaona watalii wakiwapa kangaruu. Vyakula vya namna hiyo huchangia uambukizo wa fizi na mifupa ya taya, ambao hutibika kwa taabu sana.

Kuanza nyasi ndiko kunakomkutanisha pia na koksidia, vidudu vya utumbo vinavyowaandama hasa wa kijivu wa mashariki. Mtoto aliyekuwa akiruka jana, leo amejikunja, anahara kinyesi cheusi chenye damu, na harufu yake ukishaisikia mara moja hutaisahau. Hakuna kusubiri kesho. Dawa ipo na daktari ndiye hutoa kipimo, na vikundi vingi huwa na utaratibu wa kukinga kabla. Kinga yako kubwa ni kuokota kinyesi kila siku, kutojaza watoto wengi mahali padogo, na kuhamisha sehemu ya malisho ardhi inapolowa. Paka nao wakae mbali na malisho hayo, kwa sababu kinyesi chao hueneza kimelea kiitwacho toksoplasma, na kangaruu ana kinga duni dhidi yake.

Kuna swali ninaloulizwa kila mara na wazazi wenzangu: kwa nini asibaki? Ana boma, ana chakula, watoto wanampenda. Jibu langu hutazama ukubwa. Dume la kijivu wa mashariki hufika kilo 60 na zaidi, jekundu hukaribia kilo 90, na madume hupimana nguvu kwa kukumbatiana, kukwaruzana na kusimamia mkia ili wapige teke kwa miguu yote miwili. Aliyelelewa na watu atacheza mchezo huo na watu. Septemba 2022, huko Redmond, Australia Magharibi, mzee wa miaka 77 aliuawa na kangaruu aliyeaminika kuwa alimfuga mwenyewe, kifo cha kwanza cha aina hiyo nchini tangu mwaka 1936. Polisi walilazimika kumpiga risasi kangaruu huyo kwa sababu aliwazuia wahudumu kumfikia majeruhi. Vifo viwili, vya mtu na mnyama. Kwa hiyo usishindane naye mweleka akiwa mdogo, hata kama anakuchokoza na inachekesha. Usimzoeshe kuja akiitwa na kila mtu. Jina mpe, walezi wengi huwapa, ila libaki la kwenye daftari lako.

Wa kijivu huachishwa na kuwa tayari kuondoka akikaribia miezi 18. Mwekundu mapema zaidi. Miezi ya mwisho haifai kupitishwa nyumbani kwako. Watoto hupelekwa kwa kundi kwenye boma la porini, ambalo mara nyingi lina mlezi mwingine, na wewe unawaaga hapo. Boma liwe na uzio wa kimo cha mtu au zaidi, lisiwe na waya wa miiba, lifunikwe kitambaa cha kivuli pembeni ili wakishtuka wasijigonge. Kulizunguka boma hilo kuwe na maji ya kudumu, nyasi na miti ya kivuli, pasiwe na barabara kuu karibu, na majirani wawe wamekubali: mwenye mbwa wasiofungwa au anayewinda kangaruu atafuta kazi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Muhimu kuliko yote, kuwe na kangaruu wa mwituni wa aina yao wanaopita hapo. Hao ndio watakaowafundisha kuogopa, na mlezi hawezi kulifundisha somo hilo.

Baada ya wiki kadhaa za kuwazoesha, lango hufunguliwa jioni na kuachwa wazi. Usiwasukume. Wengine hutoka usiku uleule, wengine huchungulia siku tatu. Wengi hutoka na kurudi, hulala bomani mchana, hula walichozoea, kisha vipindi vya kutoonekana huwa virefu. Chakula punguza kwa kufuata hivyo, maji yaache. Ukimwona mmoja wao kwa mbali akiwa na wa mwituni, simama, usimwite, usitikise ndoo. Akikimbia alipokuona, mshukuru Mungu. Akirudi amejeruhiwa au amekonda sana, hapo mchukue na umwite daktari, hata kama alikwisha kuondoka miezi mingi.

Wakishaacha kurudi, fua mifuko yote kwa maji ya moto, chemsha chupa, tupa chuchu zilizochakaa, na upeleke kumbukumbu za uzito na tarehe kwa kikundi chako. Bomani okota kinyesi chote, kata nyasi, kisha uliache tupu lipigwe na jua kadiri msimu unavyoruhusu, kwa sababu koksidia hudumu muda mrefu kwenye udongo wenye unyevu na huwasubiri watakaofuata. Kama ardhi yako ni ndogo, gawa boma mara mbili tangu mwanzo, ili upande mmoja upumzike wakati mwingine una watoto. Na kopo la maziwa la akiba liangalie tarehe yake ya mwisho kabla ya msimu wa baridi, wakati giza huingia mapema na magari ya wanaotoka kazini hukutana barabarani na kangaruu.